Mi ya Inshirah

Kama kuna mtu Wagdi alimdharau hapa mjini Mansura, basi ni mpiga kinanda mwenzake anayepanga noti kwa kutazama namba. "Namba waachie wauza nyanya," alikuwa akiwatania wenzake kwenye maharusi. "Sisi tuna masikio." Na wallahi alikuwa nayo. Miaka ishirini na sita alimpigia kinanda mkewe, Inshirah, mwimbaji wa maharusi, na wimbo ulipotaka ngazi ya sika, ile ambayo noti ya Mi hushushwa kidogo, yeye aliishusha kwa kusikiliza tu, bila kutupia jicho namba kwenye kioo cha kinanda. Kisha akaihifadhi ndani ya kinanda, nafasi ya saba, kwa jina la mkewe. Kila mwimbaji ana Mi yake bwana, na ya Inshirah ilikaa juu kidogo kuliko za wengine. Akiifikia hiyo, wanaume wazima walikuwa wakitupa vilemba.

Miaka miwili iliyopita akanunua kinanda kipya. Akakaa nacho siku moja, akapanga kila kitu upya kwa sikio lake, akahifadhi, akafurahi kama mtoto wa sikukuu. Tangu hapo maneno yakaanza: Inshirah sauti imechacha. Inshirah kazeeka. Watu wana midomo, nyinyi! Mialiko ikapungua, na wiki moja baba mmoja wa bwana harusi akamwambia Wagdi bila haya, "Alhamisi tunakutaka wewe. Mkeo, Mama Sharif, mwache apumzike. Tumempata binti mmoja, Rawya."

Wagdi alitamani kumtemea mate. Akasema ndiyo, kwani nyumba ililishwa na kazi hiyo hiyo. Nyumbani alimweleza mkewe akiwa ameinamia viatu vyake. Inshirah akasema, "Mlete afanyie mazoezi hapa. Nitapika." Sauti yenyewe ilikuwa kitu pekee alichowahi kujivunia mwanamke yule, na Wagdi alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Rawya akaja kesho yake baada ya adhuhuri, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mchangamfu, simu haimtoki mkononi. Wagdi kwa mazoea akabonyeza nafasi ya saba. Binti akaanza kuimba, akakatiza.

"Samahani, Ami. Hii Mi iko chini mno."

"Chini mno? Wewe, hii Mi ilikuwa inaozesha watu kabla mama yako hajaolewa!"

Rawya akacheka, akajaribu tena, akakatiza tena. Akakisogezea kinanda simu yake, amefungua programu ya kupimia sauti. "Umeishusha sabini kwa mia ya nusu toni, Ami. Wengi hushusha hamsini hivi, wengine arobaini na kitu. Sabini mtu anaimbaje?"

"Simu yako mbovu."

"Haya, mbovu."

Kwa hasira Wagdi akavuta kinanda cha zamani kutoka chini ya kitanda, akakipangusa vumbi, akakiwasha. Nafasi ya saba, Inshirah. Akatazama namba kwa mara ya kwanza maishani mwake. Arobaini na mbili. Akabonyeza Mi ya kinanda cha zamani, akabonyeza Mi ya kipya. Akarudia. Akarudia tena, sikio kalilaza karibu na spika. Zilikuwa sawa. Kwake yeye zilikuwa sawa kabisa.

"Wewe unasikia tofauti?" akauliza taratibu.

"Ami," Rawya akasema, na sasa hakuwa akicheka, "hata jirani anaisikia."

Inshirah alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, vidole vimejaa mchele wa kujazia majani ya mzabibu. Wagdi akamtazama, akaelewa.

"Ulijua?"

"Tangu harusi ya kwanza ya kinanda hiki kipya."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani utaisikia mwenyewe. Hukuisikia. Nikajua masikio yamekwenda." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Ningeimba yangu, wewe upige yako, watu wakucheke? Nikaishusha sauti, nikaifuata yako, wakadhani ni mimi niliyeshuka."

"Walisema sauti yako imechacha, Inshirah! Miaka miwili!"

"Waache waseme. Mwimbaji akizeeka watu humwonea huruma. Mpiga kinanda kiziwi, nani atamwita?"

Wagdi alilia palepale, mbele ya mgeni, bila kujificha. Kisha akakirudia kinanda kipya, akaipandisha Mi kwa namba, ishushwe arobaini na mbili tu badala ya sabini. "Njoo. Imba. Tafadhali, mama."

Inshirah akaja, akaimba mstari mmoja. Wagdi hakuwa na masikio ya kuyategemea tena, akamkazia macho Rawya usoni. Mwanzo binti alitabasamu. Halafu akainamisha macho.

Inshirah akanyamaza mwenyewe. "Siipati," akasema. "Kila nikienda inanivuta kule chini. Nimeizoea yako, Wagdi."

"Utaizoea tena. Siku mbili tatu tu."

"Nimejaribu huko jikoni mwezi mzima, kila ukienda sokoni."

Kwenye kioo, kinanda kilikuwa kinasubiri kuambiwa kiihifadhi wapi ile Mi.

"Weka nafasi ya saba," Inshirah akasema. "Andika Rawya. Na yeye Mi yake iko juu, nimeisikia, hiyo itamfaa."

"Hapo ni pako!"

"Alhamisi anaimba nani?"

Wagdi akaweka mikono mapajani, akakataa kugusa kitu. Basi Inshirah akainama akafanya mwenyewe, kwa vidole vyenye mafuta, akafuta herufi moja moja za jina lake, akaandika la mwenzake. Kinanda kikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, akarudi jikoni maana sufuria ilianza kunuka. Wagdi akabaki anaipiga ile Mi, mara tatu, mara nne, huku akimtazama Rawya usoni.