Keria ya Kushuka na Kupanda

Mzee Yoramu aliianza keria ile ya kubebea baiskeli kichwani kabla hajagusa karatasi. Asubuhi, Sumbawanga ikiwa bado imejifunika ukungu, yeye ameketi barazani na koti lake zito, chai inapoa, macho yako nyuma ya gari, mahali pasipo na kitu. Anaona mabomba mawili yanaingiana. Anaona waya unapita kwenye kigurudumu cha roda, mpini unazungushwa, na baiskeli inashuka kutoka juu polepole, bila kelele, mpaka usawa wa kiuno.

Gari lenyewe ni Hiace kuukuu waliyoigeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, pazia la maua. Yeye na mkewe Happy walitoka Mbeya kikazi, Ufipa ikawanogea, wakastaafu hapo hapo. Kila kiangazi walikwenda na gari mpaka ukingo wa milima, pale bonde la Mtowisa linapoonekana chini likifuka joto, wakalala humo, na kulipokucha wakaendesha baiskeli mpaka miguu ikatae. Baiskeli zilisafiri juu ya paa. Wa kuzipandisha ni Yoramu, miaka yote.

Sasa daktari alikuwa amempima moyo. Asinyanyue kitu kizito, aliambiwa, halafu kwa sauti ya chini akaambiwa ajiandae. Happy hakujua. Ujinga mtupu, lakini ndivyo alivyo: hutengeneza kwanza, kusema baadaye. Alitaka keria iishe akiwa hai, ili mkewe aweze kufika ukingoni peke yake na kushusha baiskeli bila kumwomba mtu.

Kilichokosekana ni kipimo. Mchana mmoja Happy amejilaza mkekani, Yoramu akachukua uzi, akaanza kumpima kutoka kisigino hadi kiuno. Happy akafumbua jicho moja.

"Baba Jenifer, unanipimia jeneza?"

Wakacheka wote wawili. Yoramu akafunga fundo kwenye uzi na kuutia mfukoni.

Leonardi, fundi wa kuchomelea, aliupokea uzi pamoja na mchoro, akavigeuzageuza.

"Mzee, mpini umeuweka chini mno. Mtu mrefu kama wewe si utavunjika mgongo?"

"Nitazoea. Wewe fuata fundo."

Leonardi akafuata fundo. Kwa wiki mbili Yoramu alishinda pale kwenye kigoda, cheche zikiruka, naye akitabasamu peke yake kama mtu aliyelala macho wazi. Alikuwa na raha, na raha yenyewe ilimtia aibu.

Siku ya kujaribu, Happy alikuja kwa fundi akisukuma baiskeli yake. Akazungusha mpini kwa mkono mmoja, keria ikashuka hadi kiunoni pake. Akapakia, akazungusha tena, baiskeli ikapaa. Akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama.

"Baba Jenifer, una akili wewe! Haya, lete ya kwako."

Yoramu akageuka kuitazama keria. Nafasi ilikuwa moja. Akautazama mchoro ukutani: nafasi moja. Siku zote zile za kuota, hakuwahi kuichora baiskeli ya pili, na hakuwa amegundua.

"Mimi nimefuata mchoro, mama," Leonardi akajitetea.

Happy aliutazama mpini, akautazama urefu wa mumewe, akaukumbuka ule uzi wa mkekani, na furaha ikamtoka usoni.

"Unaumwa tangu lini?"

"Tangu Pasaka," Yoramu akasema. "Moyo. Daktari anasema ni mbaya."

Happy alilia pale pale, mbele ya vyuma na watu, analia huku anampiga mumewe kifuani kwa kiganja, taratibu, asimuumize. Alikuwa na hasira kuliko siku yoyote ya ndoa yao. Kisha akajifuta kwa ncha ya khanga na kumgeukia fundi.

"Ongeza nafasi ya pili. Na mipini iwe miwili, mmoja huku, mmoja kule. Isishuke mpaka yote ishikwe kwa pamoja."

"Lakini mama," Leonardi akasema kwa upole, "siku mmoja wenu hayupo?"

"Basi baiskeli zibaki juu."

Yoramu alitaka kumweleza kuwa keria ya namna hiyo haina maana. Akamtazama mkewe, akaomba penseli.