Gitaa la Dunguni

Mwalimu Ukasha alipohamishwa kutoka Chumbi, pikipiki iliyokuja kumchukua ilibeba godoro, begi, mtungi wa gesi na yeye mwenyewe, lakini gitaa halikupata pa kukaa. Walilifunga ubavuni, likaning'inia. Walilifunga juu ya godoro, likateleza. Mwisho mwalimu akashuka, akalikabidhi kwa mama mwenye nyumba aliyokuwa amepanga.

"Chukua, Bi Biasha. Liwe ukumbusho wangu."

"Sasa mimi nilifanyie nini, mwalimu?"

"Lipige!" akasema, na pikipiki ikaondoka naye huku akipunga mkono.

Biasha alikuwa na miaka arobaini na saba, mkulima wa mpunga. Binti yake, Warda, alikuwa na saluni Kibiti, na mumewe, Mwinjuma, sehemu kubwa ya mwaka alikuwa huko visiwani kwenye delta akivua kamba. Gitaa akalitundika ukutani kwenye msumari, akajiambia ni pambo. Lakini kila akipita alinyoosha kidole akaugusa uzi mmoja, kisha akageuka kutazama kama kuna aliyemwona.

Mpunga ulipoanza kutia maziwa, akahamia shambani kama kila mwaka. Kule bondeni kila mwenye shamba ana dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na tangu alfajiri hadi magharibi mtu hukaa huko juu akiamia ndege: anapiga mayowe, anagonga debe, anarusha madongo. Kazi yenyewe haichoshi mwili sana, inachosha roho. Siku ni ndefu na hakuna wa kuongea naye ila kwa kupaza sauti. Basi mwaka huo Biasha alipanda ngazi ya dungu na mkeka, sufuria, na gitaa mgongoni.

Shamba la jirani lilikuwa la Zamda, wifi yake, dada wa Mwinjuma. Zamda alimwona tangu mbali.

"Wifi! Hicho nacho tunakipika na nini?"

"Ngoja ukisikie kwanza!"

Akakisikia. Na ndege nao wakakisikia. Biasha alizikwaruza nyuzi zote kwa mkupuo, sauti ikatoka kama sufuria zinazoporomoka kutoka kichanjani, na kundi la kweleakwelea lililokuwa limeshaanza kushuka likapinda angani likaenda zake. Zamda alicheka hadi akaketi.

"Wallahi, debe halioni ndani! Piga tena!"

Akapiga tena. Alipiga wiki nzima, na shamba lake halikuguswa. Ila moyoni hakuridhika. Alijua gitaa halikuumbwa kufukuza ndege. Akampigia simu Warda amtafutie mafunzo, na Warda akamtumia video ya kijana mmoja mwenye kofia, anayefundisha kwa Kiswahili. Biasha akaegemeza simu kwenye nguzo ya dungu, akakaa mkao wa kusikiliza.

"Leo," akasema yule kijana, "tunaanza na kodi tatu."

Biasha akaizima. Akampigia binti yake.

"Warda, nimepanda mpaka huku juu, na bado kuna mtu ananidai kodi?"

Warda alicheka hata mteja wake akauliza kuna nini. "Mama, kodi za gitaa! Ni namna ya kupanga vidole, sauti kadhaa zitoke pamoja. Huyo hakudai kitu."

Basi akaanza kupanga vidole. Vidole vilivyong'oa magugu na kusuka mikeka tangu utotoni vilikataa kabisa kukaa pale vilipoelekezwa. Akikiweka cha kati, cha pete kinaondoka. Akikirudisha cha pete, cha shahada kinalalia uzi usio wake. Ncha zikamuuma hata kumenya muhogo ikawa taabu. Na baada ya yote hayo, sauti ilibaki ile ile ya sufuria. Siku moja akajirekodi, akamtumia Warda. Jibu likaja upesi.

"Mama, hilo gitaa halijatyuniwa! Nyuzi zinakazwa kwanza, kila moja na sauti yake. Hata bingwa angelipiga hivyo lingelia hivyo hivyo."

Biasha akaliangalia gitaa. Siku zote hizo alikuwa akijilaumu mwenyewe! Warda akamtumia programu ya simu yenye mshale unaoonyesha kama uzi umelegea au umezidi. Akakaza wa kwanza, mshale ukatulia katikati. Wa pili, ukatulia. Wa tatu akaukaza kwa furaha iliyopita kiasi, paa! ukakatika, ukamchapa kwenye kidevu.

Akajishika kidevu. Kisha akautazama vizuri ule uzi uliokatika. Akauvuta, akaunusa. Aliujua: ni nailoni, kama ile ya kuvulia samaki. Akampigia mumewe.

"Mwinjuma, mtu akija huku nitumie mshipi. Ule mnene kidogo."

"Mshipi? Unavua nini huko kwenye mpunga?"

"We nitumie. Utajua."

Mwinjuma hakuuliza tena; alimjua mkewe. Mshipi ukaja na wachuuzi wa samaki, umeviringishwa kwenye kipande cha kandambili. Biasha akaufunga kwa fundo la wavuvi, akaukaza taratibu huku akiutazama mshale. Ukakubali, na nyuzi zilizobaki nazo akazikaza moja moja. Halafu akapanga vidole kama alivyofundishwa, akashusha kidole gumba juu ya nyuzi.

Sauti iliyotoka ilimtisha. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa imejaa, tamu, na ilikuwa imetoka mikononi mwake. Akageuka nyuma, hakuna mtu. Akapiga tena ili ahakikishe.

Kuanzia hapo hakuna aliyemweza. Alipiga kabla ya chai, alipiga baada ya chai. Shida ilikuwa kuhama: akitoka kodi moja kwenda nyingine, muziki ulisimama ukamsubiri avipange vidole kimoja kimoja. Mpaka asubuhi moja vidole vikahama vyenyewe. Akahama, akarudi, akahama, mkono wa kulia haukusimama hata kidogo. Akafumba macho kwa raha.

"Wifi! Wifiii! Ndege!"

Akafumbua. Kona nzima ya chini ya shamba ilikuwa nyeusi kwa kweleakwelea. Walikuwa wanakula kwa utulivu, kama watu walioalikwa. Biasha akatupa madongo, akapiga mayowe, akaruka ngazi. Walipoondoka, akasimama kwenye masuke yaliyobaki makapi, akihema. Alitaka kuhuzunika, ila kicheko kilimtangulia.

"Hawaogopi tena!" akamwambia Zamda aliyekuja mbio. "Umeona? Nimejua kupiga!"

Zamda aliitazama kona iliyoliwa, akamtazama wifi yake.

"Hata mimi nilikuwa nasikiliza," akasema. "Ndiyo maana nimechelewa kukuita. Sasa tufanye hivi: wewe piga. Mimi nitaamia mashamba yote mawili. Tangu umeanza kuliliza vizuri, siku zangu zinaisha upesi."

Wakaafikiana hivyo.

Siku ya kupura mpunga wanawake wa mashamba ya jirani walikuja kusaidia, nao waliposhika fimbo wakaanza wimbo wao wa kazi. Biasha akausikiliza, akautafuta kwenye nyuzi, akaupata. Wimbo ukaenda vizuri mpaka katikati, pale ulipotaka kodi inayoitwa F, ambayo kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote. Hiyo ilikuwa bado haijamkubali. Akanyamaza pale, akaendelea mbele. Mzunguko wa pili akanyamaza tena pale pale, na fimbo za wanawake zikashuka pamoja kwenye ule ukimya, puu! Mzunguko wa tatu wakaongeza vigelegele. Ikawa wote wanapasubiri mahali pale kuliko pengine popote.

Mwinjuma alifika wakati huo, kapu la kamba kichwani. Alisimama kando ya uwanja, hakushusha kapu wala hakusalimia. Wimbo ulipokwisha akasema, "Asalaam aleikum. Kumbe mshipi wangu ulikuwa unavua huku."

"Umesikia?" Biasha akamuuliza.

"Nimesikia tangu njiani. Nikadhani ni redio, nikawa najiuliza nani kanunua redio nzuri namna hii."

Biasha akainamisha uso kuficha tabasamu, likamshinda. Zamda akatupa fimbo, akafuta mikono kwenye kanga, akaketi karibu yake.

"Hebu nipe na mimi. Hiki kidole kinakaa wapi?"

"Hapa. Kaza. Kaza zaidi, wifi."

"Kinauma!"

"Kitauma mpaka keshokutwa," Biasha akasema, akamshika mkono akamsogezea kidole cha pili.