Evarista Hana Kibali cha Kuruka

Anjela alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, anapembua maharage, alipoona nyayo za binti yake ziko usawa wa macho yake. Evarista alikuwa ametoka kuanika kanga. Alipobana kibanio cha mwisho, mwili wake uliendelea kupanda, mimba ya miezi minane ikiwa mbele. Hakupiga kelele. Alishika kamba ya nguo kwa mkono mmoja.

"Mama," alisema, "nashindwa kushuka."

Anjela alifunika ungo kwanza ili kuku wasile maharage, halafu akaenda bandani akafungua kamba ya mbuzi. Alipanda juu ya kinu, akamfunga binti yake chini ya kifua, pasipobana tumbo. Ncha ya pili aliifunga kwenye nguzo ya jiko.

"Asubuhi umekula?"

"Nimekunywa uji."

"Basi si njaa," alisema Anjela, akarudi kwenye maharage.

Mchana alikuja Goodness, muuguzi wa zahanati ya Kihangasi. Walimletea meza, akasimama juu yake na kumpima mgonjwa. Alipapasa tumbo pande zote, akashuka na kunong'ona na Anjela karibu na tangi la maji. Mtoto bado amekingama. Uzazi wa kwanza Evarista alipasuliwa, na huu wa pili lazima apasuliwe tena, Iringa, kabla uchungu haujaanza. Mambo ya kuelea Goodness hakuyasema, kwa kuwa zahanati haikuwa na dawa yake.

Kufika Iringa kulikuwa na njia mbili. Ya barabara ilikuwa imekatika, kwa sababu mvua za Machi zilichukua daraja na mto ulikuwa haujashuka. Ya pili ilikuwa kindege cha dayosisi, nacho kilikuwa palepale kijijini, kwenye uwanja wa nyasi, mwendo wa kumaliza kula muwa mmoja kutoka jikoni kwa Anjela. Rubani wake, Benjamini, naye alikuwepo, amepanga kwa katekista. Mapipa mawili ya mafuta yalikuwa stoo ya kanisa. Lakini kindege kilikuwa kimefunikwa turubai tangu Novemba, mlangoni kina lakiri ya serikali, na chini ya mabawa yake kuku wa katekista walikuwa wanatagia.

Chanzo cha lakiri kila mtu alikijua. Kihangasi wana desturi yao. Injini ikisikika juu ya msitu wa misindano, aliye karibu na kanisa anagonga rimu ya lori iliyotundikwa pale, wenye ng'ombe wanawatoa uwanjani, na nyumba yenye zamu inasonga ugali. Rubani haulizwi jina kabla hajanawa mikono. Anayeshuka kutoka juu amechoka, husema wazee, na aliyechoka hahojiwi. Miaka miwili nyuma kikatua kindege cheupe ambacho hakikuwa cha dayosisi. Rimu iligongwa, ng'ombe wakatolewa, na zamu ilikuwa ya Anjela. Rubani alikula ugali na mlenda, akasifu, kisha akaomba vijana wamsaidie kupakia masanduku yaliyokuwa msituni. Vijana walisaidia, kama wanavyomsaidia mgeni yeyote. Masanduku yalikuwa na pembe za ndovu.

Masumbuko, kijana aliyebeba sanduku la kwanza, yuko gerezani hadi leo. Mwenye kindege cheupe alitoa maelezo, maelezo yakaridhisha, akarudishiwa kindege chake. Halafu likatoka katazo: ndege yoyote ndogo ya binafsi isiruke wala isitue kwenye viwanja vya vijiji bila kibali cha kamati ya usalama wa anga ya kanda, Mbeya. Maombi yapelekwe wiki mbili kabla ya safari, yakitaja abiria na sababu. Anayetaka kuugua ghafla, kwa hiyo, inampasa ajue mapema.

Maombi ya Evarista yalikwenda Februari. Mbeya walijibu kwamba wameyapokea.

Siku ya pili ya kuelea kwake, Anjela alipata wazo akiwa anasukuma mifugo kwenda malishoni. Vitus, mkwe wake, mpasua mbao wa Mafinga, alikuwa amefika ng'ambo ya mto na bodaboda na godoro, akakwama hapo. Kutoka mlima wa ng'ambo alikuwa anamwona mkewe juu ya paa la jiko, amevaa gauni la njano, na walikuwa wanapungiana mikono. Binadamu mzito hawezi kuvushwa kwenye maji yale. Lakini Evarista hakuwa mzito. Wangerusha kamba ng'ambo, Vitus avute, na mkewe apite juu ya mto kama nguo iliyoshikwa na upepo. Huko angefungwa kwenye bodaboda mpaka Mafinga, na Mafinga kuna lami.

Benjamini alilitazama wazo hilo kirubani, akapima upepo kwa majani makavu. "Litafaa, mama," alisema. "Twende kabla ya adhuhuri, hewa ikiwa imetulia."

Walikuwa wamefika uwanjani, Anjela ameshika kamba na Evarista anaelea juu yao na kifurushi cha nguo za mtoto, Asukile alipotoka kwenye hema lake. Asukile alikuwa askari aliyeletwa kutoka Mbeya kulinda lakiri. Alikuwa kijana wa Tukuyu, mpole, na kwa kuwa zamu ya kumlisha ilizunguka kijiji kizima, alijua mapishi ya kila nyumba.

"Kamwene, mama," alisalimia.

"Kamwene."

Alimwangalia Evarista, halafu akaangalia kamba. "Mnampeleka wapi?"

"Mtoni. Mumewe anamsubiri ng'ambo."

"Kwa njia ya juu?"

"Ya chini imekatika, nawe unajua."

Asukile aliingia hemani, akatoka na karatasi ya katazo, akasoma polepole. Mtu akiwa chini ni mgonjwa, alieleza, na yeye hana shida na mgonjwa. Akiwa juu, anavuka mto, amebeba abiria tumboni, anakuwa chombo cha anga cha binafsi. Chombo kinahitaji kibali. Hata yeye hakupenda.

"Mwanangu," alisema Anjela, "mama yako alipokuwa na mimba yako alikuwa chombo?"

"Alikuwa anatembea, mama."

"Angeelea je?"

Asukile alikunja karatasi. "Mama, msinione mnyama. Nilikuwa porini kabla ya hapa. Kindege kidogo kama hiki kilileta watu wenye bunduki, wakampiga mwenzangu aliyekuwa karibu nami kama ulivyosimama wewe. Nilimzika kwa mikono hii. Angekuwepo mtu wa kuuliza kibali siku ile, yule angekuwa na watoto wake."

"Pole," alisema Anjela, na alimaanisha. "Basi kamata bunduki. Mbona umekamata tumbo?"

Asukile alitia karatasi mfukoni. Alipiga simu Mbeya, akatembea huku na huku akitafuta mtandao, akasema "ndiyo mkuu" mara nyingi. Aliporudi alikuwa anatazama buti zake. Mbeya wameagiza chombo kishushwe na kizuiwe kupaa hadi maombi yajadiliwe.

Walimshusha kwa kuvuta kamba. Asukile alijaza mchanga kwenye mifuko ya mbolea, akaifunga miguuni na kiunoni mwa Evarista kwa uangalifu mkubwa, akiuliza kila mara kama inaumiza.

"Inaumiza," alisema Evarista.

"Nilegeze?"

"Ukilegeza nitapaa, kaka. Utafungwa bure."

Walimlaza kitandani nyumbani kwa mama yake. Vitus, kule mlimani, aliendelea kutazama juu ya paa la jiko, ambapo sasa hapakuwa na mtu.

Jumamosi kindege cheupe kilitua. Chenyewe kilikuwa na kibali cha mwaka mzima, kwa kuwa mwenyewe ni mwekezaji, na wageni wake walikuja kuvua samaki aina ya trauti kwenye vijito vya juu. Rimu iligongwa na ng'ombe wakatolewa, maana ng'ombe hawana kosa. Rubani alikuwa yuleyule. Alimtambua Anjela mara moja.

"Mama wa mlenda! Bado upo?"

"Nipo. Binti yangu anataka kujifungua na mtoto amekingama. Unarudi Iringa leo?"

"Saa nane."

"Una viti?"

Rubani aligeuka kutazama ndani, kana kwamba viti vinaweza kuwa vimeongezeka au kupungua. "Vinne vitupu," alisema. "Lakini kibali changu kina majina, mama. Nikibeba asiye na jina wananifungia. Katazo ni kali siku hizi, tangu zile pembe."

Anjela alimtazama usoni. Rubani naye alimtazama bila haya, kwa uso wa mtu anayezungumzia mvua.

"Masumbuko yuko jela," alisema Anjela.

"Nani?"

"Aliyekubebea sanduku la kwanza."

"Ah," alisema rubani. "Vijana wa vijijini bwana, hawako makini."

Asukile alikagua kibali cha kindege cheupe na kukuta kila kitu kiko sawasawa. Saa nane kikaondoka na viti vyake vinne. Uchungu wa Evarista ulikuwa umeanza saa sita.

Goodness alifanya kila alilofundishwa na mengine ambayo hakufundishwa. Benjamini alikata lakiri kwa mundu, akatupa turubai, akawasha injini. Asukile alisimama mbele ya propela, mikono ameinyoosha, machozi yanamtoka, na hakuondoka. Benjamini alimtukana mpaka sauti ikakauka. Mwisho akazima, kwa sababu mbele yake alikuwa mtu.

Jioni ile mtoto alipatikana, wa kike, mzima, akitanguliza miguu. Mama yake damu haikukatika. Aliuliza kama mtoto ni mzima, akaambiwa ni mzima, akaomba afunguliwe mifuko kidogo apumue. Anjela alikuwa anahangaika na fundo la pili alipogundua kwamba hakuna tena wa kumfungulia. Alimalizia kulifungua hata hivyo, na mafundo yote yaliyobaki. Evarista hakupanda. Alilala pale kama mtu yeyote. Asukile, aliyekuwa mlangoni, alitakiwa kutoa taarifa, na alitoa taarifa kwamba chombo kimetulia.

Kumzika kulihitaji wanaume wote wa kijiji, kwa kupokezana, maana alikuwa mzito kuliko gogo la msindano mbichi. Vitus alizunguka kwa miguu kupitia milimani, kwenye njia ya mbuzi isiyopitisha mgonjwa, akawahi kutupa udongo.

Mtoto aliitwa Damari, jina la bibi yake mzaa baba, wa Mbeya. Siku ya arobaini, akiwa ananyonya chupa, alimponyoka Anjela akagota darini taratibu, akabaki hapo anachekea boriti. Anjela alimshusha kwa fagio. Wiki hiyohiyo aliona mke wa katekista anakwenda kisimani akiwa ameshika uzio, nyayo hazigusi umande, mimba changa. Baada yake wakafuata wengine. Goodness aliandika Mbeya kuomba kindege kifunguliwe, akaeleza sababu zote.

Mbeya walijibu safari hii upesi. Kindege cha dayosisi kitabaki kimezuiwa, na rubani wake atashtakiwa kwa kuharibu lakiri. Kwa kutambua hali maalumu ya Kihangasi, kila mjamzito anayefika kliniki atapewa, pamoja na chandarua na vidonge vya madini, mfuko wa mchanga.

Mifuko ya kwanza ilitoka na kamba za nailoni zilizochuna ngozi. Anjela alitazama vidonda vile kwenye vifundo vya miguu ya wasichana, akatoa cherehani yake uani, akaanza kushona mifuko mingine, na ndani ya mikanda akatia vipande vya kanga laini. Alikuwa anashona kwa hasira, akikanyaga cherehani kama anakanyaga kitu chenye uhai. Mishono ilitoka minyoofu. Damari alikuwa amefungwa mgongoni mwake.

Alhamisi ya kliniki alikuja Bupe, msichana aliyeolewa mwaka jana, anaelea kidogo tu, kiasi cha kupitisha kiganja chini ya nyayo. Alipokea mfuko, akaupima kwa mikono miwili.

"Mama, hakuna mwepesi kidogo?"

"Hakuna, mwanangu. Yote ni sawa," alisema Anjela, akapiga magoti mbele yake. "Lete mguu."