Kidonge cha Mama, Kidonge cha Panya

Mama ndiye aliyembandika bintiye jina la Daktari wa Panya, na jina likanata. Jamani, mtu asome mpaka macho yaume, halafu mama mzazi amtanie hivyo mbele za majirani! Lakini uongo si kazi yangu: kutwa yuko maabara, anapima uvimbe wa kongosho matumboni mwa panya.

Utani haukumuuma. Kilichomuuma ni vidonge. Moyo wa mama ulipiga ovyo, mara unakimbia, mara unasita, na hospitali walimpa kidonge cha kila asubuhi cha kuutuliza. Hakumeza ng'o! Tangu mumewe afe kwa uvimbe huohuo wa kongosho, ukimtajia dawa anakung'akia: "Baba yako alimeza mpaka akachoka. Zilimsaidia nini?" Vidonge viliishia kwenye chungu cha maua, na binti alilala roho juu, asijue kama kutakucha na mama yupo.

Basi siku hiyo aliingia jikoni mbio, koti la maabara bado mwilini, akamkumbatia mama na mwiko wake.

"Mama! Uvimbe umesinyaa!"

"Wa nani?"

"Wa panya! Tuliwapa dawa yako ya moyo. Ileile!"

Mama akavuta kiti, akakaa. "Hii ninayoyapa maua?"

"Hiyohiyo."

"Ingemponya baba yako?"

Neno "ndiyo" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Binti akalimeza. "Sijui, mama. Hao ni panya tu, kwa watu bado hatujajaribu. Lakini sasa tuna pa kuanzia."

Mama akafuta macho kwa upindo wa gauni.

"Na hao panya wako, wanaimeza bila kununa?"

"Kila asubuhi."

"Ala! Mimi nizae, nilee, nizike mume, halafu nishindwe na panya? Lete maji!"

Akameza, kisha akaachama mdomo akaguliwe kama mtoto. Binti akacheka huku analia, furaha imemjaa hata hajui aiweke wapi. Alipopangusa uso, mama alikuwa ameshafika dirishani, anamwita jirani kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Shoga, hebu njoo! Njoo umwone Daktari wangu!"

Daktari tu. La panya aliliacha.