Karamu ya Mwalimu Connie

Connie alishuka kwenye pikipiki mbele ya ukumbi wa warsha pale Kagarama, Kigali, amekumbatia sufuria la pilau, hotipoti ya mchuzi wa kuku ikining'inia mkononi, na kichwani anajiona mjanja kuliko wote. Wenzake wangekuja na vibakuli vya kudanganyia njaa, yeye kaja na karamu hasa. Si ndivyo walivyoagizwa?

Warsha ilikuwa ya walimu wa sanaa, na kwake ilikuwa ya kufa na kupona. Alikuwa Mnyarwanda wa kuzaliwa na kukulia Mwanza, amehamia Kigali juzijuzi, Kinyarwanda chake cha kuombea maji. Mkuu wa shule yake kule Kinyinya alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba jioni atampigia simu mwendesha warsha. Akisifiwa, kazi ni yake. Asiposifiwa, vipindi vya sanaa atapewa mwalimu wa hesabu, na yeye atafute pa kwenda.

Mwendesha warsha alikuwa mzee Nzeyimana, mchoraji, na ndiye aliyewatumia walimu ujumbe wa sauti: "Kila mwarimu akuje na karamu yake."

Basi Connie akaingia ukumbini. Mezani akaona penseli, brashi na kalamu za wino. Épiphanie, mwalimu kutoka Gitega, mtaa mwingine wa Kigali, akalitazama sufuria, akamuuliza nani anaolewa. Connie alipoeleza, ukumbi mzima uliangua kicheko. Kumbe kwa Kinyarwanda kalamu ni ikaramu, na mzee alikuwa ameagiza kalamu! Wote walimwelewa, isipokuwa yule mmoja aliyekijua Kiswahili kuliko wote.

Jamani, aibu! Connie alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee mwenyewe alicheka hadi akafuta machozi, akasema pilau litaliwa mchana, halafu akatoa kazi: kila mmoja asimame awafundishe wenzake namna moja ya kuchora, kwa kutumia kile alichokuja nacho.

Connie akajua kazi ya Kinyinya imekwenda. Épiphanie, roho nzuri, akampenyezea kalamu chini ya meza. Aliishika, akawa karibu kabisa kushukuru. Ndipo akawakumbuka wanafunzi wake, wale ambao kila akitoa zoezi la kuchora wanakaa wamekunja mikono kwa kuwa hawana cha kuchorea. Akairudisha ile kalamu.

Zamu yake ilipofika alikwenda mbele na sufuria lake. Alikuwa amelipikia kuni, kitako kimejaa masizi. Akayakwangua kwa kijiko, akayachanganya na mafuta ya mchuzi, akachovya kidole na kuchora kwenye karatasi kilima cha Kinyinya na nyumba zake zisizokwisha kujengwa. Mabati akayang'arisha kwa mchuzi wenyewe, uliokuwa na manjano tele. Kisha akawaita wenzake waje wajaribu, akisema nusu Kinyarwanda nusu Kiswahili, akikosea wee, na hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wakigombania masizi. Épiphanie alichafuka hadi viwiko na hakutaka kumpisha mtu.

Jioni simu ikaita. Mzee Nzeyimana hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake huiweka kwenye spika, na sauti ya mkuu wa shule ikasikika ukumbi mzima. Alianza kwa salamu ndefu za Kinyarwanda. Connie alisimama dirishani, akiokota neno hapa na neno pale. Mzee akasimulia kitu, akacheka. Moyo wa Connie ukashuka. Halafu mkuu akauliza, na hili alilielewa: huyo Mtanzania, anafaa au hafai?

Mzee akageuka akamtazama Connie, akajibu polepole, neno moja moja, ili naye asikie.

"Ni umwarimu wacu."

Mwalimu wetu. Hilo Connie alilielewa lote, wala hakungoja simu ikatwe ndipo alie.