Bukari ya Ostende

Jumapili baada ya misa, Mama Kapya aliwasha makaa uani kwake Kamalondo, akasonga bukari, yaani ugali, akakaanga vinkubala kwa vitunguu. Mwanawe Kalaba alipenda viwavi hivyo kuliko nyama. Mama aliingia ndani kuchukua chumvi. Aliporudi, chakula hakikuwamo, na ndani ya sufuria kulikuwa na mchanga wenye unyevu na gamba la kome.

Hakumshuku jirani yeyote; mchanga ule ulikuwa wa bahari. Kalaba alikuwa Ostende, mji wa Wabelgiji kando ya bahari, pamoja na vijana wengine wa Katanga. Walikwenda kusoma, wakakosoa serikali hadharani, na pasipoti zao zikafutwa, wasiweze kurudi.

Jumapili iliyofuata alipika zaidi. Fundi cherehani Musonda, ambaye binti yake naye alikuwa kule, alileta sombe, mboga ya majani ya muhogo. Chakula kikaondoka kingali na mvuke.

"Balishiba," Musonda akasema.

"Balikwangula mpaka ukoko," Mama Kapya akajibu, shingo imenyooka.

Punde barabara nzima ikawa inapika. Wanawake walivaa vitenge vyao vya sikukuu ili kukoroga. Siku moja sufuria ya Mama Kapya ilibaki na vijiko vya fedha visivyo vya Kamalondo. Wabelgiji wenye mji nao walikuwa wameanza kuonja. Habari hiyo ilifika hadi hoteli ya Karavia, na watu wa Kamalondo wakawa wanatembea taratibu zaidi, kama wenye mali.

Kisha akaja Chola, mkubwa wa Chama tawala mtaani, amevaa abakosti, suti isiyovaliwa tai, yenye beji kifuani. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya moto.

"Citoyenne," akamwita, yaani raia, kama Chama kilivyoagiza watu waitane, "ni nani alikupatia ruhusa ya kutuma chakula ku Bulaya?"

"Si miye natuma, citoyen. Inaenda yenyewe."

Chola alitazama bukari ikipungua upande mmoja, kama inavyomegwa na vidole.

"Hii inapita bila pasipoti," Mama Kapya akasema. "Juu ya nini mutoto yangu haweze kupita?"

Chola aligusa beji yake.

"Bukari haikusemaka mubaya ya serikali."

Mama Kapya aliitikia kwa kichwa. Jibu lilikuwa wazi.

"Basi sogeza kiti, citoyen. Unazuia moto, na kule batoto beko banangoja."

Chola alisogeza kiti. Pasipoti hazikutoka mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Mama Kapya alinunua sufuria kubwa zaidi.