Chumba cha Wachezaji kwa Mama Orosz

Mama Ilona Orosz alikuwa ameshawafukuza mawakili watatu, na ukweli usemwe, kosa lilikuwa lao. Unaingiaje nyumba ya Mhungari wa Toledo siku ya Jumapili, watu wametoka misani, unawekewa sahani ya kuku wa paprika, halafu unasema asante, nimeshakula? Umekula wapi, na kwa nini? Wa kwanza alisema hivyo, akaonyeshwa mlango. Wa pili alidai tumbo linamsumbua. Wa tatu angalau alikula, lakini alipomaliza sahani ya kwanza akajipangusa mdomo na kutoa karatasi za kuuziana nyumba kabla hajaongezwa. Kwa Wahungari wa mtaa ule, shughuli haiguswi kabla ya sahani ya pili. Mama Orosz akakusanya vyombo vyake kimya kimya, na kijana wa watu akajikuta barabarani na mkoba wake.

Ndipo kamati ya ligi kuu ikamtuma mmoja wa wajumbe wake watano, Fredi Argueta.

Ligi kuu ya soka ya Marekani ilikuwa inaongeza timu moja tu, na miji iliyobaki kwenye kinyang'anyiro ilikuwa miwili, Toledo na Tucson. Tucson walikuwa na uwanja tayari. Toledo walikuwa na mashabiki wanaopiga ngoma kwenye theluji, na matajiri walioahidi kujenga uwanja kando ya mto. Mtaa mzima walikuwa wameshaununua, isipokuwa nyumba moja iliyokaa katikati ya pale ambapo goli la kaskazini lingesimama. Kamati haikuficha kitu: nyumba ile ikipatikana, ni Toledo. Isipopatikana, ni Tucson, na timu ya Toledo itabaki daraja la pili ilikozoea.

Fredi alimwambia mwenyekiti waziwazi kwamba yeye si mtu wa kuupima mji ule. Alifika pale kutoka El Salvador akiwa kiungo wa miaka kumi na tisa, na begi moja, bila koti. Klabu za daraja la pili hazina hela ya kuwapangia wachezaji nyumba, kwa hiyo huwagawa kwa mashabiki wenye vyumba vya ziada, na yeye akaangukia kwa Mama Orosz. Alilala chini, kwenye chumba cha chini ya nyumba, misimu miwili mizima ya baridi. Mwenyekiti akamjibu kwamba kura yake ataiweka pembeni, wenzake wanne wanatosha kuamua, ila kwenda aende, maana hakuna mwingine atakayefunguliwa mlango. Fredi akaenda na moyo mzito. Mtu amekupa nyumba yake, leo unarudi kuichukua, utaanzaje kumwangalia usoni?

Mama Orosz alimpokea barazani, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akayavuta.

"Umenenepa," alisema. "Nani anakulisha, na anakupikia nini hicho?"

Akamwingiza jikoni. Miaka themanini na minne, magoti yanamsumbua, lakini mwiko haukumtoka mkononi. Fredi akala sahani ya kwanza. Akala ya pili. Shughuli sasa ilikuwa halali kabisa, lakini mdomo ukakataa, akaomba ya tatu. Walizungumza habari za padri mpya anayehubiri hadi watu wanasinzia, na za paa la kanisa, na za jirani aliyeuza nyumba yake akakimbilia Florida, kisha anapiga simu kila wiki kulalamika joto. Chini yao walisikika vijana wawili wakibishana nani kalowesha taulo ya mwenzake. Hao ndio wachezaji wa mwaka ule, Oshane Blagrove, beki kutoka Jamaika, na Ebo Quaison, winga Mghana wa Cape Coast.

"Haya, toa hizo karatasi," Mama Orosz alisema mwishowe. "Unakula kama mtu aliyeficha kitu."

Fredi akaziweka mezani, akazifunika na kiganja. Akamwambia kwamba ametumwa, lakini yeye mwenyewe haombi, na kwamba akisema hapana atarudi na hapana hiyo na hakuna atakayemgusa.

"Kwani nimekuuliza?" alisema mama. "Nataka kuuliza jambo moja tu, na usinipige chenga, chenga zako nazijua tangu ukiwa mwembamba. Timu ikiingia ligi kuu, vijana watalala wapi?"

Fredi akamweleza. Ligi kuu ina mishahara ya kweli. Mchezaji anapanga nyumba yake, ana gari lake, ana daktari wake.

"Hakuna wa kulala chini?"

"Hakuna, Mama."

Mama Orosz akaanza kukusanya makombo ya mkate kwa ukingo wa mkono, akayarundika, kisha akayasambaza tena. Fredi alitamani sana angeongeza uongo kidogo, lakini kwa mwanamke huyu hakuthubutu.

Mtaani walishaamua kwamba bibi anang'ang'ania kuta za marehemu mumewe. Wengine walisema anasubiri bei ipande. Siku ile alimweleza Fredi ukweli, bila kuzungushazungusha. Kuta zenyewe zinavuja, alisema, nani anazitaka. Lakini tangu mzee Gabor afe, kinachomtoa kitandani asubuhi ni kelele za huko chini, mlango wa bafu, mtu anaimba vibaya, mtu anaulizia soksi. Vijana thelathini na kitu wamepita kwenye chumba kile. Wengine hawakumaliza msimu. Wengine bado wanamtumia picha za watoto wao. Timu ikipanda, huo ndio mwisho wao, na yeye atabaki na ukimya wa nyumba yoyote ile atakayohamia. Aliogopa ukimya, alisema, na hakuona aibu kuusema.

"Basi kataa," Fredi alisema. "Mimi nitakuwa upande wako."

"Wewe nawe." Akatikisa kichwa. "Unajua Ebo anaamka saa ngapi? Anakwenda kupakia makreti kwenye ghala, halafu ndiyo mazoezini. Winga yule, mguu ule, anaubebesha makreti. Oshane amekosa kumzika nyanya yake kwa kukosa nauli. Nami nimekaa hapa nazuia watoto wa watu wasilipwe, kisa nasikia raha wakigombania taulo. Huo ni upendo gani? Lete kalamu."

Fredi hakutoa kalamu mara moja. Kuna maneno yalikuwa yamemkaa kooni miaka karibu arobaini, na aliona asipoyasema sasa hatayasema tena. Akamkumbusha ile baridi ya kwanza, alipokaa benchi mechi baada ya mechi, akafunga begi lake ili arudi kwao. Mama Orosz alishuka ngazi akaliona begi, hakusema neno. Alichukua viatu vyake vya mpira vilivyolowa, akaviweka kwenye kipasha joto, akapanda juu. Asubuhi viatu vilikuwa vikavu na begi likafunguliwa.

"Kila nilicho nacho kilianzia hapo, Mama," alisema. "Mke wangu, watoto wangu, hata hiyo kazi iliyonileta hapa. Sijawahi kukushukuru sawasawa. Nakushukuru."

Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyapangusa. Mama Orosz naye akainuka, akageukia jiko ingawa hakukuwa na kitu motoni, akasimama hivyo kidogo, mgongo ukimtazama Fredi.

"Vilikuwa vinanuka, vile viatu," alisema. Kisha akarudi mezani akatia sahihi pale alipoonyeshwa, taratibu, jina lote.

Fredi akampigia mwenyekiti palepale jikoni. Maongezi hayakuwa marefu. Basi ni Toledo, mwenyekiti alisema, na kwa sauti yake alikuwa anatabasamu. Mji mzima ungelipuka kwa furaha kesho yake, ngoma zingelia hadi ng'ambo ya mto, na hakuna ambaye angejua kwamba jambo limeisha juu ya mabaki ya kuku. Mama Orosz alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Akamwomba Fredi ashuke akawaambie vijana yeye, maana akienda mwenyewe atalia, nao wataacha kushangilia wamshughulikie bibi kizee.

Chini kulikuwa kama alivyokuacha, ila kitanda cha pili kilikuwa kipya. Vijana walimfahamu kwa picha ya ukutani, wakasimama kwa heshima. Fredi akawaambia yote: timu, ligi kuu, nyumba imeuzwa. Ebo akafumba macho akashukuru Mungu kwa lugha yake. Oshane hakushangilia.

"Na yeye ataishi wapi?" aliuliza.

Mawakili walikuja mara tatu, kamati ilikaa vikao visivyo na idadi, wamepima umbali wa barabara na kina cha udongo. Swali lile hakuna aliyeliuliza, na Fredi, aliyekula sahani tatu, hakuliuliza pia. Akasema labda kwenye yale majengo ya wazee.

"Huo mshahara wa ligi kuu," Ebo akasema, "unatosha kupanga nyumba ya vyumba vitatu?"

"Unatosha na kubaki. Lakini siwafichi, vijana. Timu ikipanda hawachukui wachezaji wote. Huenda akabaki mmoja wenu. Huenda msibaki hata mmoja."

Wakaangaliana. Hawakuchukua muda.

"Akibaki mmoja, nyumba ipo," alisema Oshane. "Tusipobaki, na mimi nitakwenda ghalani. Makreti yapo ya kututosha wote wawili."

Ebo alikuwa tayari amefika kwenye ngazi. Akainua uso.

"Mama," aliita, "ukihamia kwetu, unataka nyumba ya ngazi au isiyo na ngazi?"

Juu kiti kikaburuzwa sakafuni, na hatua zake za polepole zikaja hadi kwenye mlango wa ngazi.

"Analipa nani?" aliuliza.

"Sisi."

Fredi akamsikia anapenga kamasi.

"Isiyo na ngazi," Mama Orosz alisema, sauti ikimkatika. "Na jikoni iingie meza ya watu wanne."

Fredi akahesabu, akajikuta naye yumo.